Hesabu Visiki Kabla ya Kuhesabu Hela: Maoni Yangu Kuhusu Mashine za Kusaga Visiki

Wiki mbili zilizopita nilikuwa nimekaa kwenye kibanda cha chai pale Ruaha, nasubiri bodaboda ya kunipeleka Kidodi. Kijana mmoja mkulima wa miwa akaja na simu mkononi. "Shikamoo bwana shamba. Naomba uangalie hii kitu."

Nikaangalia. Video ya dakika tatu. Mashine ndogo ya magurudumu manne, mbele yake imefungwa gurudumu la chuma lenye meno. Dereva analipeleka kushoto, analirudisha kulia, kisiki kinageuka unga. Hakuna sururu, hakuna jasho, hakuna kijana anayeshika kiuno.

"Nimepata mtu wa kuniagizia," akaniambia. "Natafunga kwenye trekta langu. Mwezi wa saba naenda kuchukua mkopo. Unasemaje?"

Nikamwambia, mdogo wangu, usikope kwanza. Twende shambani kwako tukahesabu visiki. Akacheka. Akadhani namtania. Sikuwa namtania, na makala hii ndiyo jibu langu refu kwake na kwa wengine wote ambao mmenitumia video kama hiyo mwaka huu. Msimu wa kusafisha mashamba ndio huo unakuja, mvua za masika zikishakata, na najua wengi mna eka mpya mnataka ziingie kwenye miwa, mahindi au ufuta kabla ya vuli.

Msimamo wangu nauweka mezani mapema. Mashine ya kusaga visiki ni kifaa kizuri. Ila ni kifaa cha kumalizia kazi, sio cha kufungulia shamba. Na kwa wengi wenu, kuinunua peke yako ni kununua deni lenye meno.

Inafanyaje kazi

Ili tuelewane, tuanze na mashine yenyewe. Kuna gurudumu zito la chuma, pembeni limefungwa meno ya kabaidi, chuma kigumu kama kile cha kwenye ncha za kekee za kutobolea zege. Gurudumu linazungushwa na mota ya haidroliki. Mota haina injini yake. Inakula oili inayosukumwa na pampu ya trekta au mashine uliyoifunga.

Hapo ndipo pa kushika. Mtiririko wa oili, yaani lita ngapi kwa dakika, ndio unaotoa kasi ya gurudumu. Presha ya oili ndiyo inayotoa nguvu ya kuzungusha wakati meno yameuma mti. Ukikosa kimoja, hicho kingine hakikusaidii. Ukitaka kujua nguvu inayofika kwenye mota, chukua lita kwa dakika, zidisha kwa presha ya bar, gawa kwa 600. Unapata kilowati. Kilowati moja ni kama nguvu za farasi 1.34.

Tufanye hesabu. Trekta dogo la nguvu za farasi 45, ambalo njia zake za nje za haidroliki zinatoa lita 30 kwa dakika kwa presha ya bar 180. Mara 30 kwa 180 ni 5,400. Gawa kwa 600, unapata kilowati 9, yaani nguvu za farasi 12 tu. Umeona? Trekta lako ni la farasi 45, lakini kwenye mpira wa haidroliki unapata 12, na hapo sijatoa zinazopotea kwa joto. Pampu ile iliwekwa kwa ajili ya kunyanyua plau na kumwaga tela. Haikuwekwa kuzungusha gurudumu la kilo nyingi kutwa nzima.

Sasa chukua ile mashine ya kwenye video, zile ambazo huku tunaziita zote Bobcat hata kama sio za kampuni hiyo. Inatoa lita 75 kwa bar 200. Hiyo ni kilowati 25, farasi 33 na ushee. Zile zenye mtiririko mkubwa zinafika lita 120 na kuendelea. Kwa hiyo unachokiona kwenye video hakiwezi kutokea kwenye trekta lako, hata ungefunga kifaa kilekile.

Wenye pawatila naomba msinitumie swali. Pawatila nyingi zilizopo vijijini kwetu hazina pampu ya haidroliki ya kuendesha kifaa cha nje. Kuna mashine za kusaga visiki zinazoendeshwa kwa shafti ya nyuma ya trekta, ile PTO, na kwa mwenye trekta la kawaida hizo zina mantiki zaidi kwa sababu shafti inakupa sehemu kubwa ya nguvu za injini. Lakini nazo zinataka trekta lenye uzito wa kutulia, na dereva anayejua kurudi nyuma kwa sentimita.

Mashine iliyolala chini ya mwembe

Kuna kijana, sitamtaja wala kijiji chake, tayari alishaagiza. Kifaa kilifika kikiwa kimefungwa vizuri, rangi inang'aa. Akakifunga kwenye trekta lake. Gurudumu likazunguka vizuri hewani, watu wakapiga makofi. Alipoligusisha kwenye kisiki cha mkambala, likasimama. Akanyanyua, likazunguka. Akashusha, likasimama. Ikawa hivyo asubuhi nzima. Mchana oili ikawa ya moto kiasi cha kutoshikika bomba. Jioni mota ikaanza kumwaga oili mbele.

Nilipofika nikakuta kilichotokea. Mota nyingi za aina hii zina mpira wa tatu, mwembamba, tofauti na ile miwili minene. Kazi yake ni kurudisha kwenye tangi oili kidogo inayovujia ndani ya mota, bila presha. Trekta lake halikuwa na sehemu ya kuuchomeka, basi fundi akauziba kwa boliti. Oili ikakosa njia, ikajijaza ndani, ikatafuta mlango, ikaupasua sili. Kosa la dakika tano. Spea ilichukua miezi.

Kifaa hicho mpaka leo kipo chini ya mwembe, kuku wanalala juu yake. Marejesho ya mkopo hayakulala.

Sielekezi kidole kwa aliyemuuzia. Nauliza tu: kabla hajalipa, nani alimuuliza trekta lako linatoa lita ngapi? Hakuna. Na mimi bwana shamba wake nilikuwa wapi? Sikuwa nimeandika makala hii.

Na mimi nina langu

Msidhani nawasema ninyi tu. Miaka yangu ya mwanzo kazini nilishauri kikundi cha vijana kilichokuwa na eka 20 za pori, upande wa Ruhembe, walizotaka ziwe miwa. Nikawaambia kodini katapila. Siku tatu limemaliza, shamba jeupe, visiki vyote na vichaka vimesukumwa pembeni kama ukuta. Tukapiga picha. Mimi mwenyewe nilijiona mtaalamu kweli kweli.

Miwa ilipoota, katikati ya shamba ikawa ya njano, mifupi, inasikitisha. Pembeni karibu na zile kuta za visiki, mirefu na ya kijani. Mkuu wa kikundi, dada mmoja mwenye maneno machache, akaniuliza: "Bwana shamba, mbona mbolea tumeweka sawa?"

Nikajua jibu palepale na nikashindwa kulisema. Katapila halikusukuma visiki peke yake. Lilisukuma na udongo wa juu, ule mweusi wa sentimita kumi na tano za kwanza, ambao ndio shamba lenyewe. Chakula chote tulikirundika mpakani, tukapanda miwa kwenye sahani tupu. Walihangaika na samadi misimu kadhaa kurekebisha nilichoharibu kwa siku tatu. Nilikuja kumwambia ukweli yule dada baada ya mwaka mzima. Akanijibu tu, "Tulishajua."

Kwa hiyo ninaposema mashine ya kusaga ina faida yake, nasema kutokana na kidonda hicho. Faida yake kubwa kuliko zote ni kwamba haihamishi udongo. Inakula kisiki kilipo, udongo unabaki ulipo. Katapila haliwezi hilo. Kijiko kinaweza kiasi, kama dereva ni mtu wa subira, kwa sababu kinang'oa kimoja kimoja na unaweza kumwambia akung'ute udongo kabla hajaweka kisiki pembeni.

Kongwa sio mbali

Hili la mashine kushindwa na pori la kwetu sio geni. Ukitoka Kilosa ukapanda kupitia Gairo unaingia Kongwa. Baada ya Vita Kuu ya Pili, Uingereza ilikuwa na njaa ya mafuta ya kula. Serikali yao ikaja na Mpango wa Karanga: kufyeka zaidi ya eka milioni tatu, nyingi zikiwa hapa Tanganyika, Kongwa, Urambo na Nachingwea. Kazi ikaanza Kongwa mwaka 1947. Lengo la mwaka wa kwanza lilikuwa eka 150,000. Wakaleta matrekta yaliyobaki jeshini, wakageuza hata vifaru vya Sherman kuwa matrekta ya kufyekea.

Mwaka ule wa kwanza eka zilizopandwa hazikufika hata elfu kumi. Pori lilikuwa nene, mizizi ikala mashine, spea hazikuwepo, mafundi wachache. Na udongo wenyewe, mvua ikikata, ukawa mgumu kama tofali. Mwaka 1951 mpango ukafungwa, na hasara ikahesabiwa kuwa kama pauni milioni 36 za wakati ule.

Wale walikuwa na hazina ya serikali nyuma yao. Wewe una mkopo wa kikundi na ng'ombe wawili wa baba. Kilichowaangusha sio ukosefu wa mashine. Walihesabu matrekta kabla ya kuujua udongo, miti na mvua. Kisiki hakijui kwamba umekopa.

Kwanza uliza: hiki kisiki kina kosa gani?

Narudi kwa kijana wa kibanda cha chai. Tulikwenda shambani kwake. Ni eka sita, zamani lilikuwa shamba la mahindi la jembe la mkono, likaachwa, likarudia pori. Tulibeba chokaa na kopo. Tulihesabu visiki 140. Kisha tukavigawa mafungu matatu.

Fungu la kwanza ni vya kutoka. Hivi ni vikubwa na vigumu, vilivyo katikati ya mistari itakapopita plau na baadaye trekta la kupakia miwa. Miwa ni mgeni wa muda mrefu. Ukipanda mara moja unavuna, inachipua ratuni, unavuna tena, miaka na miaka. Kisiki ulichokiacha leo utakutana nacho kila msimu, kwenye beringi za haro, kwenye tairi, kwenye panga la mkataji. Hapa sina ubishi: kitoke. Tukapata 22.

Fungu la pili ni vya kufa taratibu. Vidogo, au vilivyokwisha kuingiwa na mchwa. Mchwa ni kibarua asiyedai posho. Kata machipukizi kila yakitoka, usiyape nafasi ya kulisha mizizi, msimu wa pili au wa tatu kisiki kinabomoka kwa teke. Hivi vilikuwa zaidi ya nusu.

Fungu la tatu ni vya kubaki. Vilivyo kwenye mteremko kuelekea korongo, na vile vya kando ya kijito. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inataka shughuli zikae mita 60 kutoka mtoni, lakini hata bila sheria, sisi watu wa Kilosa tunajua. Mafuriko ya mwishoni mwa 2009 na mwanzoni mwa 2010 yaliondoa watu kwenye nyumba zao na kukata reli ya kati. Maji yale yalitoka milimani. Kisiki kwenye mteremko kina mizizi iliyoshika udongo, na kikichipua kinashika zaidi. Ukikisaga umelegeza kamba.

Wapo wenzetu wilayani humu humu ambao kwao kisiki ni akiba. Kwenye vijiji kama Ihombwe na Ulaya Mbuyuni, mradi wa mkaa endelevu ulioanza 2012 chini ya TFCG na MJUMITA uliwafundisha watu kuvuna miti kwa vitalu na kuacha visiki makusudi, ili vichipue. Kitalu kinapumzishwa miaka 24, msitu unarudi wenyewe bila mche hata mmoja kupandwa. Miti ya miombo ndivyo ilivyo, ukiikata haifi, inaanza upya. Sasa fikiria: kitu kilekile, huku ni adui, kule ni benki. Tofauti sio kisiki. Tofauti ni mpango wa ardhi yako.

Kwa hiyo kutoka 140 tulibaki na 22. Kijana akakaa kimya. Akasema, "Bwana shamba, kwa hiyo nilikuwa nakopa kwa ajili ya visiki 22?"

Ndiyo, mdogo wangu. Ishirini na mbili.

Wenzo uliotupwa

Kuna jambo linaniuma kila nikipita mashambani. Vijana wanakata mti kwa msumeno wa moto usawa wa goti, wanauza mbao au kuni, halafu wanaanza kuhangaika na kisiki. Wazee wa huku hawakufanya hivyo. Walichimba kuzunguka mti ungali umesimama, wakakata mizizi ya pembeni kwa shoka, wakaacha upepo na uzito wa mti wenyewe ufanye kazi iliyobaki. Mti ukianguka unang'oa kitako chake. Shina refu ni wenzo. Ukilikata kwanza, umetupa wenzo ukabaki na nanga.

Kama bado una miti imesimama ambayo una kibali cha kuiondoa, fanya hivyo. Na neno kibali nalisema kwa msisitizo. Mninga, mpingo na wenzao sio vya kukata kwa sababu tu vimeota kwako. Pita ofisi ya kijiji, pita TFS, pata karatasi. Faini inauma kuliko sururu.

"Unataka turudi kwenye sururu?"

Najua mtaniambia hivyo. Mshaniambia. Jibu ni hapana.

Mimi ni mtoto wa mkulima, najua sururu inafanya nini kwenye mgongo. Kung'oa kisiki kimoja cha mkambala kwa mkono ni siku mbili za watu wawili, na ukiwalipa vibarua kihalali, hela inakwenda. Kijana akikataa kazi hiyo simlaumu. Mashine ni haki yenu. Nachokataa ni mashine kutangulia hesabu.

Na kuna mahali ambapo mashine ya kusaga haina mpinzani. Nitataja nilipoona inafaa:

1. Visiki vya mikaratusi na mitiki. Macho ya kuchipulia yapo kwenye kitako. Ukisaga kitako mpaka chini ya udongo, umemaliza habari. Kuchoma huwa hakumalizi, na kung'oa kunaacha shimo la kuzika ndama.

2. Karibu na nyumba, ghala, bomba au mfereji. Wakulima wa vitunguu kule Malolo mnanielewa. Ukivuta kisiki kwa mnyororo pembeni ya mfereji, unavuta na ukingo wa mfereji.

3. Shamba la matunda la zamani. Mwembe uliozeeka unaondoka, mche mpya unaingia hatua chache pembeni, bila kuharibu mizizi ya jirani.

4. Vile 22 vya kwenye mistari ya miwa, ambavyo kijiko kingevitoa kwa kufumua udongo wa chini na kuuleta juu.

Mahali ambapo haifai ni pori zima lenye visiki mamia kwa eka, ardhi yenye mawe na mchanga wa jiwe jeupe unaokula meno kama tupa, na miti inayochipua kutoka kwenye mizizi yenyewe. Hiyo ya mwisho ni mtego. Unasaga kitako, unafurahi, mvua zikija unakuta machipukizi kumi yamezunguka kaburi. Kwa miti hiyo lazima ufuatilie kwa jembe misimu miwili.

Na msisahau ugumu. Video nyingi zinaonyesha msonobari wa Ulaya au Marekani, mti laini. Mpingo wetu ukiutupa majini unazama. Dakika tatu za kwenye video zinaweza kuwa saa nzima huku, na seti ya meno juu yake.

Kina nacho kiangalie. Mashine nyingi za kufunga kwenye mashine ndogo zinasaga sentimita 20 mpaka 30 chini ya udongo. Kwa plau inatosha. Kama unapanga kupitisha ripa ndefu ya kuvunja tabaka gumu la sentimita 45, itakutana na mizizi iliyobaki. Pitisha ripa mbali na ulipokuwa kisiki, au mpe mchwa mwaka mmoja amalizie.

Kitu kingine ambacho hakipo kwenye video ni ule unga. Usiuchanganye na udongo ukapanda juu yake. Wadudu wadogo wa ardhini wanaouozesha unga wa mti wanahitaji naitrojeni, na wataichukua kwenye mbolea uliyowekea mmea. Mahindi yatakuwa ya njano kwenye duara la kila kisiki. Kokota unga, tandaza juu kwenye migomba au njia za shamba, jaza shimo kwa udongo halisi.

Sasa hela

Nitatumia namba za mfano tu ili tuelewane. Wewe weka za kwako.

Tuseme kifaa, usafiri na ushuru vimekula milioni 15. Una visiki 60 vinavyostahili kusagwa. Kila kisiki kimekugharimu 250,000 kabla ya dizeli, meno na dereva. Kwa hela hiyo kuna vibarua watang'oa kisiki wakiimba. Lakini mkiwa wakulima kumi, kila mmoja na visiki 60, ni visiki 600, na gharama inashuka mpaka 25,000 kwa kisiki. Hapo tunaongea biashara. Na mkipata kijana mmoja mwenye mashine sahihi, akafanya kazi ya kukodisha kijiji mpaka kijiji kuanzia Juni hadi Oktoba, ninyi hamna haja ya kununua kitu. Mlipeni kwa kisiki kilichokwisha, kilichopimwa kina kwa rula. Kulipa kwa saa kutawaletea mashine inayonguruma bila kusaga.

Kabla ya kununua au kukodi, uliza maswali manne na usikubali jibu la "itafanya tu". Mashine ya kubebea inatoa lita ngapi kwa dakika na presha gani? Mota inataka kiasi gani? Mpira wa tatu wa kurudisha oili unachomekwa wapi? Meno yanapatikana wapi, Morogoro, Dar es Salaam, au mpaka yaagizwe nje?

Macho hayana spea

La mwisho, na hili sio maoni, ni amri. Gurudumu lile linarusha mawe na vipande vya mti kama manati. Watu wasimame mbali, hatua 30 au zaidi, na watoto wasiwepo kabisa. Dereva avae miwani ya kukinga, kofia ngumu na buti. Hakuna kanga, hakuna shati linalopepea, hakuna ndala. Kagua kisiki kwanza: seng'enge ya zamani, misumari na mawe yaliyomezwa na mizizi vinavunja meno na kuruka.

Na mpira wa haidroliki ukivuja, usipapase kwa mkono kutafuta tundu. Oili yenye presha inapenya ngozi kama sindano. Kidonda kinaonekana kidogo tu, lakini ndani mkono unaoza. Tumia kipande cha boksi kutafuta panapovuja. Ikikuingia, nenda hospitali saa hiyohiyo, hata kama hakuna maumivu, na uwaambie kilichokuingia ni oili ya haidroliki.

Kijana wetu amefikia wapi

Hajakopa. Amewakusanya wenzake saba wa mstari wake, na kila mmoja amepewa kopo la chokaa na kazi ya wiki moja: gawa visiki vyako mafungu matatu, lete namba ya fungu la kwanza. Wakishazijumlisha, tutakaa chini ya mti tuamue kama ni kijiko kidogo cha kukodi, mashine ya kusaga, au sururu na mchele wa kulisha vibarua siku nne. Inawezekana kabisa hesabu ikasema mashine. Ikisema hivyo, nitakuwa wa kwanza kwenda nao kuikagua.

Nawe fanya hivyohivyo kabla Juni haijafika. Kopo la chokaa ni bei ya soda. Ukimaliza kuhesabu, nikute ofisini au nisimamishe barabarani, pikipiki yangu mnaijua. Usinionyeshe video. Nionyeshe namba ya fungu la kwanza.